Dreadnought: jina la meli moja lililogeuka jina la manowari zote kubwa

Maswali mengi yaliyoifikia safu hii safari hii yanalizunguka neno moja la Kiingereza, dreadnought, ambalo baadhi ya wasomaji wamekutana nalo katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na wengine mahali wasipolitarajia, kama vile dukani kwenye magitaa. Yanayofanana nimeyaunganisha. Katika majibu haya, Dreadnought kwa herufi kubwa ni jina la chombo mahususi, hasa manowari ya Uingereza ya mwaka 1906, na dredinoti, kwa tahajia ya Kiswahili, ni aina ya manowari.

Neno hili lina maana gani, na limeundwaje? (Msomaji, Tanga)

Limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza: dread, yaani kuhofu au kuogopa mno, na nought, yaani si kitu. Yakiunganishwa hutoa kauli fupi iliyo kama agizo: usiogope lolote. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu na asili ni "Asiyeogopa Kitu". Wengi hudhani maana yake ni "Kitisho", kwa sababu picha za meli zenyewe zinatisha, lakini hofu inayotajwa katika jina hili ni ile ambayo meli haina, wala si ile inayowatia maadui.

Neno limetumika pia nje ya vita. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza walikuwa wakiliita hivyo kitambaa kizito cha sufu, pamoja na makoti yaliyoshonwa kwa kitambaa hicho, ambayo watu wa baharini waliyavaa wakati wa baridi na dhoruba. Aliyekuwa ndani ya koti la namna hiyo hakuogopa mvua.

Admirali John Fisher, ambaye ndiye aliyeisukuma manowari ya mwaka 1906 mpaka ikaundwa, alicheza na jina hilo alipopewa cheo cha ulodi mwaka 1909. Kaulimbiu aliyoichagua kwa ajili ya nembo yake ilikuwa na maana ya "Mche Mungu, wala usihofu kitu", na maneno mawili ya mwisho kwa Kiingereza yalikuwa ni jina la meli yake, limetenganishwa tu.

Je, manowari ya mwaka 1906 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitwa Dreadnought? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, na mbali sana. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lina desturi ya kurithisha majina, kiasi kwamba chombo kipya hupewa jina la kile kilichostaafu au kuzama. Dreadnought ya kale ilikuwa merikebu ya matanga iliyoundwa mwaka 1573, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, nayo ilikuwamo katika vita dhidi ya Armada ya Wahispania mwaka 1588. Nyingine, yenye mizinga 98, ilishuliwa, yaani iliteremshwa majini, mwaka 1801 na kupigana katika vita vya baharini vya Trafalgar, dhidi ya Wafaransa na Wahispania, mnamo tarehe 21 Oktoba 1805.

Hiyo ya Trafalgar ilikuwa na uzee wa kipekee. Kuanzia mwaka 1831 ilitia nanga Greenwich, katika mto Thames, ikafanywa hospitali ya mabaharia wa mataifa yote waliofika London wakiwa wagonjwa. Chombo chenyewe kilipochakaa kikaletwa kingine na kupewa jina lilelile, na hata wagonjwa walipohamishiwa nchi kavu mwaka 1870 hospitali iliendelea kuitwa Dreadnought. Hivyo kwa maelfu ya mabaharia wa karne ya 19, neno hili lilimaanisha kitanda, daktari na uji.

Mwaka 1875 ikashuliwa Dreadnought nyingine, ya chuma, inayoendeshwa kwa mvuke. Kwa hiyo, lilipochaguliwa jina la manowari mpya miaka 30 baadaye, hapakuwa na ubunifu wowote. Lilitolewa tu kwenye orodha ya majina ya kale.

Basi kulikuwa na kitu gani kipya ndani ya meli hiyo hata jina lake likavuma hivyo? (Wasomaji wa Dar es Salaam na Kisumu)

Hapa panahitaji nafasi kidogo. Kabla ya mwaka 1906 manowari kubwa ya kawaida ilibeba mizinga mikubwa minne ya kipenyo cha inchi 12, miwili upande wa omo, yaani mbele, na miwili upande wa tezi, yaani nyuma, kisha ikajazwa mizinga ya ukubwa mbalimbali, ya inchi 9, ya inchi 6 na midogo zaidi. Wazo lilikuwa kwamba meli zitakaribiana, na kila mzinga utapata kazi yake. Tatizo lilijitokeza pale masafa ya kupigana yalipoanza kurefuka, hasa kwa sababu ya topido, makombora yanayokwenda ndani ya maji, ambazo zilifanya kumkaribia adui kuwa hatari. Mpigaji wa mbali hurekebisha shabaha kwa kutazama mahali maji yanaporuka baada ya kombora kuanguka. Mizinga ya aina tatu ikipigwa kwa pamoja, mirusho ya maji huchanganyika, na aliye juu ya mlingoti hawezi kujua ipi ni ya mzinga upi.

Dreadnought iliondoa utata huo kwa kubeba mizinga mikubwa 10, yote ya inchi 12, iliyowekwa miwiliwili ndani ya minara mitano ya chuma inayozunguka. Kombora moja lilikuwa na uzito wa takriban kilo 385. Minara minne kati ya mitano iliweza kuelekezwa upande mmoja, hivyo makombora manane yalifyatuliwa kwa mpigo, na yote yalianguka kwa utaratibu mmoja uliosomeka. Mizinga midogo iliyobaki ilikuwa ya kuzuia tu mashua za topido.

La pili ni mashine. Manowari nyingine zilitumia injini za pistoni, mashine kubwa mno zilizopanda na kushuka kwa kishindo, zikamwaga mafuta na maji ya moto juu ya wahudumu wake, na zikiendeshwa kwa kasi ya juu kwa saa nyingi ziliharibika. Dreadnought ilipewa tabo za mvuke za Charles Parsons, ambamo mvuke huzungusha mhimili moja kwa moja, nayo ikafikia kasi ya maili za baharini 21 kwa saa wakati wenzake wengi walikuwa kwenye 18. Manowari yenye mizinga mingi zaidi na mbio zaidi ina faida isiyolipika, kwani yenyewe ndiyo huchagua umbali wa kupigana.

La tatu ni haraka ya kuiunda. Mkuku, yaani uti wa chini wa meli, uliwekwa Portsmouth tarehe 2 Oktoba 1905, Mfalme Edward wa Saba akaishua tarehe 10 Februari 1906, na kufikia mwanzoni mwa Oktoba mwaka huohuo ilikuwa baharini kwa majaribio, wakati ambapo meli ya ukubwa huo ilizoeleka kuchukua miaka mitatu au zaidi. Siri ya kasi hiyo haikuwa uchawi: vyuma vilikusanywa mapema, na minara ya mizinga ilichukuliwa kutoka kwa manowari nyingine mbili zilizokuwa zikiundwa, ambazo zikalazimika kusubiri.

Haikuwa kamilifu. Mlingoti wenye kibanda cha mtazamaji wa shabaha ulisimamishwa nyuma ya dohani (bomba la moshi) ya mbele, kwa hiyo meli ilipokwenda kwa nguvu moshi na joto vilimfuata mtu yuleyule ambaye macho yake yalikuwa tegemeo la mizinga yote 10. Wasanifu wenye akili kubwa waliokaa vikao kwa miezi kadhaa hawakuliona hilo, au waliliona wakalipuuza.

Inafaa kuongeza kwamba fikra haikuwa ya Waingereza peke yao. Msanifu wa Italia, Vittorio Cuniberti, alikuwa amechapisha pendekezo la manowari ya mizinga mikubwa mitupu mwaka 1903. Wamarekani nao walikwisha kuidhinisha zao mbili mwaka 1905, na Wajapani walianza kuunda Satsuma kabla ya Dreadnought, ila mizinga ya inchi 12 haikuwatosha, wakachanganya. Lau ratiba ya Portsmouth ingechelewa, huenda leo tungekuwa tunajadili asili ya neno lingine kabisa.

Jina la meli moja linakuwaje jina la kundi zima? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa njia ileile ambayo sabuni yoyote ya unga huitwa Omo. Chombo cha kwanza kujulikana kikishakuwa kipimo cha vingine vyote, jina lake hulegea na kuanza kuzunguka. Lakini kwa Dreadnought kulikuwa na sababu ya ziada: watu walihitaji neno la kutofautisha meli zenye thamani na zile ambazo ghafla zilikuwa hazina. Serikali zilipohesabu nguvu zao baada ya mwaka 1906 hazikuhesabu tena manowari, zilihesabu dredinoti. Zilizotangulia zikapewa jina jipya baada ya kuzaliwa, yaani manowari za kabla ya Dreadnought, ijapokuwa nyingine zilikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Waliopoteza zaidi kwa hesabu hiyo walikuwa Waingereza wenyewe, kwa sababu wao ndio waliokuwa na kundi kubwa kuliko wote la meli za mtindo wa zamani. Wapinzani wa Fisher walimlaumu kwa kufuta kwa mkono wake mwenyewe uongozi wa nchi yake, wakasema Ujerumani sasa inaweza kuanzia karibu mstari mmoja na Uingereza. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa na ukweli lakini haikuwa na njia mbadala, kwani Marekani na Japani zilikuwa tayari njiani. Ujerumani ilianza kuunda dredinoti zake mwaka 1907, za kundi la Nassau, na ikabidi ipanue mfereji wa Kiel ili zipite, kazi iliyokamilika mwaka 1914. Mwaka 1909 umma wa Uingereza ulikuwa ukiimba kwamba unataka nane na hautangoja. Winston Churchill alieleza baadaye kwa dhihaka kwamba wanamaji waliomba sita, wabana matumizi wakatoa nne, na mwishowe wakapatana kwa nane.

Neno likavuka bahari. Brazil ilipokea dredinoti yake ya kwanza, Minas Geraes, mwaka 1910, na Argentina na Chile zikaona haziwezi kubaki nyuma. Mnamo Novemba mwaka huohuo mabaharia wa Brazil, wengi wao wakiwa watu weusi, wakiongozwa na João Cândido, waliiteka meli hiyo na nyingine kadhaa na kuielekeza mizinga kwenye mji wa Rio de Janeiro, wakidai adhabu ya viboko ikomeshwe. Serikali ya Waothmani, yaani Uturuki ya wakati huo, nayo iliagiza dredinoti mbili Uingereza, na Agosti 1914, zilipokuwa karibu kukabidhiwa, Waingereza wakazichukua wenyewe. Hasira iliyozuka Istanbul ilichangia kuisogeza nchi hiyo upande wa Ujerumani.

Zilipokuja meli za mizinga ya inchi 13.5, kuanzia Orion iliyoshuliwa mwaka 1910, magazeti yakaongeza kiambishi na kuziita dredinoti kuu. Inapofika jina kuhitaji kukuzwa baada ya miaka minne tu, mtu anaona jinsi mashindano yalivyokuwa yakikimbia.

Nimesikia kwamba kuna watu waliwahi kuwadanganya maofisa wa Dreadnought kwa Kiswahili. Ni kweli? (Msomaji, Muscat)

Ni kweli, ingawa neno "Kiswahili" hapo tulitumie kwa tahadhari. Tarehe 7 Februari 1910 vijana sita wa London, wakiongozwa na Horace de Vere Cole, walipanda treni kwenda Weymouth baada ya kutuma simu ya maandishi kwa jina la ofisa mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje, ikisema kwamba wana wa mfalme wa Abisinia (Ethiopia) wanakuja kuitembelea meli. Wanne walipakwa rangi nyeusi usoni, wakavalishwa vilemba, majoho na ndevu za bandia. Mmoja wao alikuwa Virginia Stephen, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama mwandishi Virginia Woolf, na mwingine alikuwa mchoraji Duncan Grant. Mdogo wake Virginia wa kiume, Adrian, alijifanya mkalimani.

Huyo Adrian ndiye anayetuhusu. Walikuwa wamenunua kitabu cha sarufi ya Kiswahili, wakidhani lugha ya Afrika ni lugha ya Afrika, na wakajaribu kukariri maneno machache wakiwa ndani ya treni. Alipotakiwa kuwatafsiria "wana wa mfalme" maelezo ya admirali, alitamka kitu ambacho kwa kumbukumbu yake mwenyewe kilisikika kama "Entaqui, mahai, kustufani". Nimelisoma mara nyingi bila kuona Kiswahili ndani yake. Akiba hiyo ilipomwishia akageukia mashairi ya Kilatini ya Virgil na ya Kigiriki ya Homer aliyofundishwa shuleni, akiyakatakata na kuyatamka kombo ili yasitambulike. Waliandaliwa chakula wakakikataa, kwa kuogopa rangi na ndevu zisibanduke, na masharubu ya Grant yalikwisha kuanza kuachia.

Wanamaji, kwa upande wao, hawakupata bendera ya Abisinia wala wimbo wake, wakapandisha bendera ya Zanzibar na kupiga wimbo wa Zanzibar. Cole na Adrian walikuwa na uzoefu na Zanzibar: mwaka 1905, Sultani Ali bin Hamud alipokuwa ziarani Uingereza, walimtembelea meya wa Cambridge wakijidai ni jamaa na wafuasi wa sultani huyo, na wakapokewa kwa heshima zote.

Mzaha huo huhadithiwa kama ushindi wa werevu dhidi ya wakubwa. Sehemu hiyo naikubali, maana meli iliyokuwa bendera ya kundi zima la manowari za nyumbani ilifunguliwa kwa rangi na majoho ya kukodi. Hata hivyo ulifaulu kwa sababu waliodanganya na waliodanganywa walikuwa na ujinga mmoja kuhusu Afrika. Baharia mmoja wa Lamu pale sitahani angeumaliza kwa salamu tu.

Je, dredinoti iliwahi kufika pwani yetu? (Msomaji, Kilwa)

Ndiyo, lakini si zile zinazotajwa mara kwa mara. Königsberg ya Wajerumani, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza Unguja tarehe 20 Septemba 1914 na kumalizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ilikuwa kruza nyepesi, yaani meli ya kivita iliyo ndogo kuliko manowari hizi kubwa, yenye mizinga ya kipenyo cha sentimita 10.5. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana Mombasa, na anayeusimamia karibu akumbuke kwamba wa Dreadnought ulikuwa na mdomo mpana karibu mara tatu.

Goliath, iliyoipiga Dar es Salaam kwa makombora mwishoni mwa Novemba 1914 na kuliharibu vibaya jumba la gavana wa Kijerumani, lililojengwa upya na Waingereza na ambalo leo ni Ikulu, ilikuwa manowari kubwa ya kweli, yenye mizinga minne ya inchi 12. Ila ilikuwa ya kabla ya Dreadnought, na ndiyo maana iliweza kutumwa huku: dredinoti zote zilihitajika kuwakabili Wajerumani katika Bahari ya Kaskazini. Ilishindwa kuifikia Königsberg kwa sababu maji ya Rufiji hayakuwa na kina cha kuitosha, na kazi ikamalizwa na vyombo viwili vidogo vya maji mafupi, Severn na Mersey.

Zile zenyewe zilikuja baadaye. Januari 1924 Hood na Repulse, ambazo ni ndugu wa dredinoti waliopunguziwa deraya, yaani ngao ya chuma, ili wapate mbio, zilitia nanga Zanzibar katika safari ya kuitembeza fahari ya ufalme. Na mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kundi la Mashariki la Admirali James Somerville lilihamia Kilindini likiwa na dredinoti kuu kadhaa zenye mizinga ya inchi 15, miongoni mwao Warspite, Resolution na Ramillies. Wazee wa Likoni waliokuwa watoto wakati huo waliziona kwa macho yao.

Na "manowari" je, ni neno letu? (Msomaji, Goma)

Limetoholewa kutoka Kiingereza man-of-war, jina la zamani la meli yoyote ya kivita, na limekaa katika Kiswahili hata halionekani tena kuwa la kigeni. Halibagui ukubwa, kwa hiyo anayetaka kutaja dredinoti peke yake hana budi kuongeza maelezo. Ninashauri "dredinoti" lifuate ngeli ileile ya manowari: dredinoti hii, dredinoti hizi.

Gitaa langu limeandikwa "dreadnought". Linahusiana vipi na meli? (Msomaji, Kampala)

Kwa ukubwa tu. Kampuni ya Martin ya Marekani ilibuni gitaa la tumbo pana mwaka 1916 na kulipa jina la manowari iliyokuwa midomoni mwa watu. Umbo hilo sasa ndilo la kawaida kabisa kwa magitaa ya mbao yenye nyuzi za chuma. Mwaka 2014 jina hilohilo, kwa sura ya Kilatini, lilipewa dinosaria mkubwa aliyefukuliwa Patagonia, Argentina, Dreadnoughtus, kwa hoja kwamba mnyama wa ukubwa ule akishakomaa hakuwa na wa kumwogopa.

Meli yenyewe iliishia wapi, na kuna dredinoti yoyote iliyobaki? (Msomaji, Zanzibar)

Dreadnought haikuwahi kupigana na manowari kubwa nyingine. Wakati wa mapigano ya Jutland kati ya Waingereza na Wajerumani, Mei 31, 1916, ilikuwa matengenezoni. Windo lake pekee la maana ni nyambizi ya Kijerumani U-29, ambayo iliigonga kwa omo na kuizamisha tarehe 18 Machi 1915, pamoja na nahodha wake mashuhuri Otto Weddigen, aliyekuwa amezamisha kruza tatu za Waingereza kwa asubuhi moja Septemba iliyotangulia. Iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1921 na kukatwakatwa huko Scotland.

Jina lilirudi mwaka 1960, Malkia Elizabeth wa Pili aliposhua nyambizi ya kwanza ya Uingereza inayoendeshwa kwa nishati ya nyuklia, na linarudi tena kwa kundi jipya la nyambizi zinazoundwa sasa Barrow, Uingereza, zitakazobeba makombora ya nyuklia. Kwa anayetaka kuikanyaga dredinoti yenyewe, imebaki Texas, iliyoanza kazi mwaka 1914 na kutumika katika vita vyote viwili vya dunia, na ambayo imehifadhiwa katika jimbo la jina lake huko Marekani. Mikasa iliyoko Yokosuka, Japani, ambayo wageni wengi huiita dredinoti, ni ya mtindo uliotangulia: ina mizinga minne mikubwa.